Kununua nyumba ya puli Diani ya kukodisha wageni: anzia chumba cha pampu

Kila ikifika Januari simu yangu haipumziki. Watu walikuja Diani, pwani ya Kenya kusini mwa Mombasa, likizo ya Disemba, wakakodi nyumba yenye swimingi puli, watoto wakashinda majini kutwa, wakirudi kwao Nairobi, wengine Doha na Muscat, wananiandikia Wasap, dada tutafutie nyumba kama ile tununue iwe inatuingizia pesa. Wanauliza bei, wanauliza vyumba vingapi, wanauliza bahari iko umbali gani. Hajatokea hata mmoja akaniuliza yale maji yanatoka wapi na nani anayalipia mwezi wa tano nyumba ikiwa tupu. Mimi na mdogo wangu tulinunua yetu kule Galu, jirani tu na Diani, bila kuuliza hilo swali na lilitugharimu sana, nitasimulia mbele.

Puli ifanyie hesabu yake peke yake

Kabla hujakanyaga nyumba yoyote amua utampangisha nani. Kama unataka mpangaji wa mwaka mzima, mwalimu, meneja wa hoteli, mtu wa shirika, basi nakuambia kwa moyo safi tafuta nyumba isiyo na puli au chukua apatimenti yenye puli ya pamoja, manake huyo mpangaji anaangalia kodi, usalama na maji ya jikoni, puli ataifurahia wiki mbili halafu aizoee, lakini wewe utailisha miezi yote kumi na mbili. Wanaolipia puli ni wageni wa siku chache. Familia ya Nairobi ikitafuta nyumba kwenye simu inaweka alama pale kwenye puli mapema kabisa, nyumba isiyo nayo hata hawaioni. Na wanakuja kwa urahisi zaidi siku hizi, tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe mtu akishuka treni ya SGR pale Miritini anakuja Diani bila kukaa foleni ya feri ya Likoni.

Sasa chukua karatasi. Tuseme puli ya kawaida ya nyumba, mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita moja na nusu, hiyo ni lita 48,000. Pampu ndogo ya kuizungusha inakula kama kilowati moja, na inatakiwa ifanye kazi kama saa 8 kwa siku ili maji yote yapite kwenye filta, kwa hiyo ni yuniti 8 kwa siku, 240 kwa mwezi. Ukiweka yuniti moja kwa shilingi 28 ushafika 6,720 za stima na hujawasha hata taa ya sebuleni. Ongeza mtu wa puli, ongeza klorini na asidi, ongeza maji ya kujazia, na uweke kitu pembeni kila mwezi kwa ajili ya pampu itakayoungua siku moja na mchanga wa filta ambao hubadilishwa kila baada ya miaka mitano hadi saba. Tuseme jumla ni 30,000 kwa mwezi, yako inaweza kushuka au kupanda lakini iandike, usiiache kichwani. Ni 360,000 kwa mwaka. Kama usiku mmoja ni 12,000 basi siku 30 za wageni kila mwaka ni za puli, sio zako. Na kama nyumba inapata wageni siku 146 kwa mwaka, yaani asilimia 40, katika kila shilingi tano zinazoingia moja inaenda majini, kabla ya meneja, kabla ya komisheni, kabla ya ushuru.

Puli nzuri inajilipa, nimeona kwa macho yangu. Namna ya kujua ni utafute nyumba mbili za mtaa mmoja zenye vyumba sawa, moja ina puli na nyingine haina, ulinganishe bei zao za usiku na uangalie kalenda zao zimejaa siku ngapi. Hiyo tofauti ukiihesabu kwa mwaka ndiyo mshahara wa puli. Ikiwa mshahara ni mdogo kuliko matumizi yake, mwambie muuzaji waziwazi na umshushe bei.

Ya ushuru niyaseme hapahapa kwa sababu yanagusa puli. Ukipangisha kwa mwezi, kodi ya mwaka ikiwa kati ya 288,000 na milioni 15, KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, inachukua asilimia 7.5 ya kodi yote iliyoingia, ndivyo ilivyo tangu Januari 2024, na kwa njia hiyo huwezi kutoa gharama, zile 360,000 za puli hazikupunguzii ushuru hata senti. Unaweza kuwaandikia KRA uombe uhesabiwe kwa faida badala yake, na mwenye puli inafaa alifikirie hilo. Mlioko nje, ukihesabika kisheria kuwa si mkazi wa Kenya kodi yako inakatwa asilimia 30 ya yote, kwa hiyo kaa na mhasibu kwanza ujue wewe ni mkazi au sio. Wageni wa siku chache wana hesabu zao tofauti na leseni zao, hizo pia mhasibu akuchambulie.

Njoo masika

Disemba kila nyumba Diani inapendeza. Njoo mwezi wa tano, mvua imekolea, wageni hakuna, ndio utaona paa linavuja wapi, barabara ya kuingilia inapitika au la, na puli inatunzwa au ilisafishwa tu kwa ajili ya picha. Maji ya puli iliyotelekezwa yanakuwa kijani, yanajaa mabuu ya mbu, na Pwani hii tuna malaria na dengi, hilo peke yake linakuonyesha mwenye nyumba ni mtu wa aina gani.

Masika pia ardhi inajaa maji, na hapa kuna jambo ambalo nataka kila mtu alijue. Puli iliyo karibu na bahari ikitolewa maji yote wakati maji ya ardhini yako juu, lile zege linaweza kusukumwa kutoka chini likapasuka au likanyanyuka kama mtumbwi. Kwa hiyo muuzaji akikuambia tulipasua taili zote tukaweka mpya, muulize walitoa maji mwezi gani na fundi alikuwa nani. Na wewe ukishanunua usimruhusu mtu yeyote atoe maji yote msimu wa mvua ati anataka kuisafisha puli, msubirishe mpaka kiangazi.

Angalia na juu. Mvinje ni mti mzuri lakini zile sindano zake zinaziba skima, lile tundu la ukutani linalonyonya takataka za juu ya maji, kila siku, mwarobaini unamwaga majani, paa la makuti likizeeka linapukutika moja kwa moja ndani ya maji, na mnazi ulioinama juu ya puli ni hatari kwa kichwa cha mgeni. Miti mikubwa iliyo karibu sana na ukuta wa puli, mizizi yake inatafuta maji, na ikiyatafuta inayapata.

Chumba cha pampu, halafu ndoo

Ukifika kwenye nyumba ajenti atakupeleka kwanza verandani, akuonyeshe yale maji ya bluu na mito ya viti. Mshukuru halafu umuombe ufunguo wa chumba cha pampu. Pale ndani ndio utajua ukweli wote. Sikiliza pampu ikiwashwa, ikilia kama inasaga mawe beringi zimekwisha. Angalia geji ya filta, mwulize anayeitunza ikiwa safi husoma ngapi, manake ikipanda kama psi 8 hadi 10 juu ya hapo filta inahitaji kuoshwa, na kama geji imevunjika au sindano imeganda ujue hakuna aliyeiangalia siku nyingi. Tafuta chumvi nyeupe kwenye maungio ya mabomba, hapo panavuja. Angalia nyaya za stima, ziko kwenye boksi au zinaning'inia karibu na maji, na je kuna ile swichi ya usalama inayokata stima yenyewe ikivuja, ya miliampia 30. Taa za ndani ya maji zinafaa ziwe za volti 12, zikiwa za 240 usiruhusu mtoto wako aingie hapo hata kwa dakika moja. Na dumu za asidi zisikae karibu na klorini, wala aina mbili za klorini zisichanganywe, hewa inayotoka inaua na mchanganyiko unaweza kulipuka.

Nje gongagonga taili kwa sarafu, zikilia kama ngoma zimeachia. Fuata mstari wa maji kwa macho, nyufa nyingi huanzia kwenye skima na kwenye taa. Nyumba za huku zimejengwa nyingi kwa mawe ya matumbawe na wakati mwingine fundi alichota mchanga wa ufukweni wenye chumvi, nondo zikaanza kuoza ndani ya zege, ukiona madoa ya kutu yanatoka ukutani usiyapite hivihivi.

Sasa ndoo. Hiki kipimo hakikugharimu kitu na kingetuokoa sisi pesa nyingi. Funga bomba linalojazia, hasa lile la kujaza lenyewe, zima pampu. Chukua ndoo uijaze maji ya puli, iweke kwenye ngazi ya ndani ili maji ya ndani ya ndoo na ya nje yawe usawa mmoja, tia alama ndani na nje, uache saa 24. Jua na upepo vinakunywa maji yote mawili sawasawa, kwa hivyo kama puli imeshuka zaidi ya ndoo, inavuja. Halafu rudia siku ya pili pampu ikifanya kazi, ikishuka zaidi kuliko siku ya kwanza basi shida iko kwenye mabomba yanayorudisha maji. Muuzaji asiyekubali ndoo ikae kwake siku mbili ameshakujibu.

Kwa nini nasisitiza? Kwenye puli ile ya mita 8 kwa 4, sentimita moja ya maji ni lita 320. Ikivuja sentimita moja kwa siku ni lita 9,600 kwa mwezi, karibu boza zima la lita 10,000, kila mwezi, mwaka mzima, na wewe uko Doha unalipa tu. Yetu ya Galu ilikuwa inavuja zaidi ya hapo. Aliyetuuzia alijaza puli asubuhi ile ile tuliyokuja kuiangalia, tukaona maji mpaka juu yanang'aa, tukalipa. Mwezi wa kwanza tukadhani ni jua. Mwezi wa pili mdogo wangu akasema haiwezekani, tukamleta fundi, akakuta ufa nyuma ya skima umezibwa kwa simenti na kupakwa rangi juu. Tulivunja upande mzima, tukapoteza Pasaka yote, wageni waliokuwa wameshalipa tukawarudishia, na mpaka leo nikikumbuka yule mama aliyekuwa analeta wazazi wake wazee waone bahari mara ya kwanza roho inaniuma.

Maji yenyewe

Maji ya bomba Pwani sio ya kutegemea, hilo tunalijua sote. Nyumba nyingi Diani zina kisima, na kadri unavyokaribia bahari ndivyo kinavyokuwa cha chumvi. Kionje. Halafu peleka chupa yake maabara. Maji ya chumvi yanakula pampu, yanakula hita, yanaacha magaga kwenye taili, na msimu wa kiangazi wakati kila mtu anavuta kisima chake chumvi inazidi, kwa hiyo maji uliyoonja mwezi wa sita si yale ya Februari. Uliza pia shimo la maji taka liko wapi, huku nyumba nyingi zinatumia mashimo, likiwa karibu na kisima hayo maji usiyaamini hata kwa puli.

Jua la hapa linakausha milimita 5 au 6 kwa siku hata puli ikiwa nzima kabisa, ni kama lita 160 mpaka 190 kwa ile puli yetu ya mfano, na zile puli ambazo maji yanamwagikia ukingoni kama yanaenda baharini zinapoteza zaidi na zina tangi la pili chini linalotaka matunzo yake. Zinapendeza kwenye picha. Kwa anayenunua mara ya kwanza mimi simshauri.

Kuhusu dawa nitasema machache kwa sababu mtu wa puli mzuri anayajua: klorini kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, pH kati ya 7.2 na 7.6, na kifaa cha kupimia kinauzwa bei ndogo. Lile jambo wengi hawalijui ni vidonge vya klorini. Vina kitu kingine ndani kinachokinga klorini isiliwe na jua, hicho hakipungui, kinajikusanya mwezi baada ya mwezi mpaka klorini inakuwa kama haipo, unaongeza dawa na maji bado yanaingia ukijani. Dawa yake ni kutoa sehemu ya maji na kuweka mapya. Kwa hiyo puli ambayo haijabadilishwa maji miaka mingi na inalishwa vidonge tu, weka gharama ya maji hayo kwenye bei.

Watoto

Hapa naomba unisikilize kuliko pengine pote. Mtoto anazama kimya, hapigi kelele, na inachukua muda mfupi kuliko kwenda kuchukua chai jikoni. Puli ya nyumba ya kukodisha ni hatari kuliko ya kwenu kwa sababu kila wiki wanakuja watoto wapya wasioijua. Weka uzio wa angalau mita 1.2 usio na pa kukanyagia, geti lijifunge lenyewe na komeo liwe juu. Kama nyumba haina uzio, bei ya kuujenga iwe kwenye hesabu yako siku ya kwanza, na usipokee mgeni kabla haujasimama. Chini ya puli kuwe na matundu mawili ya kunyonya yenye vifuniko vizima, tundu moja lisilo na kifuniko linaweza kumnasa mtoto kwa nywele au kwa mwili asiweze kutoka, Marekani walitunga sheria nzima ya hilo mwaka 2007 baada ya watoto kufa. Andika kina cha maji pembeni. Weka ufito mrefu na boya la kuokolea. Na anayelinda nyumba afundishwe huduma ya kwanza, Msalaba Mwekundu wanafundisha, tena hakikisha anajua kuogelea, wengi wanaajiriwa bila kuulizwa. Bima ya nyumba peke yake haitoshi, muulize mtu wa bima analipia nini mgeni akiumia kwako.

Karatasi

Wakili awe wako, sio wa muuzaji wala wa ajenti. Afanye search, yaani akague rekodi za hati, kwenye ofisi ya ardhi, Kwale au Mombasa kulingana na aina ya hati, aangalie madeni, reti (ada za ardhi) za kaunti, na idhini ya mke au mume wa muuzaji. Wewe lipia sarveya akuonyeshe bikoni, yaani alama za mpaka, nishaona puli ambayo kona yake iko kwa jirani. Omba plani iliyopitishwa na kaunti uone puli imechorwa humo. Na ukae na majirani na mzee wa mtaa unywe nao chai, Pwani hii ina vidonda vya ardhi vya miaka mingi, kuna ploti zina hati nzuri na bado kuna familia inayosema makaburi ya babu zao yamo ndani, hayo huyakuti kwenye kompyuta.

Kwa kawaida unaweka asilimia 10 na kumaliza ndani ya siku 90. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani, na hiyo ni juu yako. Muuzaji ana ushuru wake wa faida, asilimia 15 tangu 2023, ndio maana wengine wanakuomba muandike bei ndogo kwenye mkataba. Kataa, ni kosa kisheria na siku utakayouza wewe faida yako itahesabiwa kuanzia ile bei ndogo. Asiye raia anamiliki ardhi kwa miaka 99 tu, haijalishi hati ilisema nini mwanzo, na wale mliochukua uraia wa nje kabla ya 2010 mkapoteza wa Kenya urudisheni kwanza kabla ya kusaini.

Kwenye mkataba wakili aorodheshe pampu, filta, taa, kila kitu, manake kuna watu wanahama na pampu. Na kiasi fulani cha pesa kibaki kwa wakili mpaka kipimo cha ndoo kirudiwe siku ya kukabidhiana. Kwa apatimenti za puli ya pamoja omba kuona hesabu za servisi chaji na nani hajalipa, wenye apatimenti nusu wakiwa na deni hiyo puli itakauka na huna la kufanya peke yako.

Siku ya kukabidhiwa piga picha ya mita ya maji na ya stima, halafu mtafute yule aliyekuwa akiitunza puli miaka yote, umlipe siku mbili akae na wewe au na mtu wako, akuonyeshe kila vali. Umuulize hasa ni nini kimekuwa kikimsumbua. Ule ufa wetu mzee wa pale alikuwa akiujua miaka miwili, ndiye aliyekuwa akiamka alfajiri kujaza maji, na siku tulipokuja kuangalia nyumba alisimama nasi pale pale kando ya puli karibu saa nzima, tukamsalimia, tukaongea na ajenti.